Pa Kukaa Katikati ya Vienna

Mwaka 2002 wasanifu majengo wawili wa Vienna, Anna Popelka na Georg Poduschka, wenye ofisi iitwayo PPAG, walipewa kazi ambayo wasanifu wengi wangeiona ndogo. Hawakuombwa jengo, wala mnara, wala sanamu. Waliombwa watafute kitu cha kuweka ndani ya ua ili watu wapate pa kukaa. Wakati huo nilikuwa nikiishi Vienna, kijana wa Tanga niliyekwenda kusoma, na ua huo ulikuwa njiani kwangu. Leo majarida ya usanifu yanapovitaja viti vile husifu rangi na umbo lake, na sifa hizo ni haki yake. Mimi nataka kueleza vilitufanyia nini sisi watu weusi tuliokuwa tukiishi mji ule miaka ile, kwa sababu jambo hilo halionekani kwenye picha.

Ua wenyewe ni wa MuseumsQuartier. Hapo zamani palikuwa mazizi ya farasi wa Kaisari, yaliyosanifiwa na Johann Bernhard Fischer von Erlach mwanzoni mwa karne ya 18. Ufalme ulipoanguka mazizi yakawa mahali pa maonyesho ya biashara, kisha serikali ikaamua pawe mtaa wa makumbusho na sanaa. Kazi ya kupajenga upya walipewa ndugu wawili, Laurids na Manfred Ortner. Mpango wao wa awali ulikuwa na mnara wa maktaba. Wenyeji wakaukataa, magazeti yakaingilia, mabishano yakala sehemu kubwa ya miaka ya 1990, na mwisho wake mnara ukafutwa na majengo mapya yakapunguzwa kimo. Ndiyo maana ukiwa barabarani huoni ila ukuta mrefu wa kale. Unapita chini ya tao, unatokea uani, ndipo yanapokukabili: kushoto jumba la makumbusho la Leopold, jeupe, la mawe ya chokaa, kulia jumba la makumbusho la mumok, la basalti ya kijivu cha giza, na mbele yako ukumbi wa zamani wa kuchezeshea farasi wakati wa baridi.

Ua ulifunguliwa mwezi Juni 2001 kwa shangwe kubwa. Nilikwenda kutazama kama watu wote. Ulikuwa ua mzuri, lakini haukuwa na huruma kwa mtu. Jiwe chini, jiwe kushoto, jiwe kulia. Jua la Julai lilipiga sakafu likarudi machoni, na upepo wa Oktoba ulipoanza haukuwa na cha kuuzuia. Watu waliingia, wakapiga picha, wakaenda ama kwenye tikiti za makumbusho ama kwenye meza za mikahawa. Aliyekuwa hana haja na kimojawapo alivuka akatokea upande wa pili, na mimi nilikuwa katika hao wavukaji.

Inafaa nieleze kwa nini kuvuka lilikuwa jambo la kawaida kwetu kuliko kukaa.

Nilifika Vienna mwaka 1998. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 1999, Mnigeria aliyeitwa Marcus Omofuma alikufa ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Vienna kwenda Sofia. Alikuwa akirudishwa kwao kwa nguvu. Polisi watatu waliomsindikiza walikuwa wamemfunga kwenye kiti na kumziba mdomo kwa utepe wa gundi. Alikuwa na miaka 25. Waafrika wa Vienna waliandamana, na wenyeji wengi waliandamana nao. Mwisho wa mwezi huohuo ikaja operesheni kubwa ya polisi dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, iliyopewa jina la Operation Spring, na zaidi ya watu mia moja, wengi wao Waafrika, wakakamatwa. Baada ya hapo mtu mweusi aliyesimama pembeni ya kituo cha treni alionekana anauza kitu. Magazeti yaliandika hivyo, na abiria kwenye tramu walituangalia hivyo.

Kwa hiyo tulijifunza kutembea. Ukiwa unatembea una safari, na mwenye safari haulizwi sana. Ukisimama, hasa mkisimama wawili au watatu mkizungumza kwa sauti ya kwenu, haichukui muda mrefu mtu anataka kuona vitambulisho. Kwetu Tanga mwanamume asiye na kijiwe huulizwa kama anaumwa. Vienna tulikuwa watu wazima, wanafunzi, wafanyakazi, baba za watu, na hatukuwa na kijiwe. Tulikutana vyumbani. Au tulinunua kahawa moja tukaikalia saa nzima mpaka mhudumu akaja kufuta meza iliyokuwa tayari safi, nasi tukaelewa.

Kulikuwa na mabenchi ya bustani, ndiyo, mabenchi ya mbao yaliyopangwa kwa mstari na kuelekezwa kwenye maua. Benchi la namna hiyo linakuambia ukae wima, utazame mbele, na ukimaliza uondoke. Ukilala, umekuwa mlevi au mtu asiye na makazi. Mkikaa wanne mkigeuziana nyuso, mmoja anabaki amesimama, na aliyesimama ndiye anayetazamwa. Sikuwa na maneno ya kuyasema haya wakati huo. Niliyajua kwa mwili.

Viti vya Popelka na Poduschka nilivikuta mara ya kwanza majira ya baridi, na sikujua kuwa ni viti. Vilikuwa vimepandanishwa na kuegemezwa pamoja hata vikawa vibanda mfano wa nyumba za barafu, watu wamejazana humo na vikombe vya punchi ya moto mikononi. Nikadhani ni mapambo ya Krismasi, yatang'olewa Januari. Hali ya hewa ilipogeuka nikakuta vibanda vimefumuliwa na vipande vyake vimetawanywa ua mzima, vingine peke yake, vingine viwiliviwili vimeelekezana, vingine vimeungwa mstari mrefu.

Nieleze kilivyo, maana maelezo mengi hukimbilia rangi. Kimoja ni bonge kubwa, refu la kutosha mtu mzima kujinyoosha, na pembe zake zimekatwa kwa pembe-pembe wala si za mviringo. Sehemu moja imechimbwa ikawa bapa, nyingine ina mteremko wa kuegemeza mgongo, na kingo zina unene wa kuweza kukaliwa. Kwa ukubwa wake ungedhani ni zege. Ukikigonga kwa ukucha kinatoa sauti ya kitu chepesi, maana ndani ni povu gumu jeupe, lile linalokinga televisheni ndani ya boksi, na nje kimepakwa ngozi ya plastiki iliyokauka ikawa ngumu. Ngozi hiyo ilikuwa na vipele vidogo vidogo unavyovisikia ukipitisha kiganja, na kwa hiyo hutelezi hata kikiwa na umande. Nakumbuka kimoja karibu na ngazi za jumba jeupe kilikuwa kimemeguka kona, pengine kwa baiskeli, na ndani yake ungeona chembe nyeupe za povu zimebanana. Watoto walikuwa wakizidonoa, mama zao wakiwakemea.

Povu lina faida ambayo jiwe na chuma havina: halinyonyi joto la mwili. Mwezi wa Machi, wakati hakuna mtu mwenye akili angekaa kwenye ngazi za mawe, kwenye povu uliweza kukaa, na baada ya dakika chache ukahisi chini yako pana uvuguvugu. Ni joto lako mwenyewe linarudishwa. Kwa mtu wa pwani hilo peke yake lingetosha kuwashukuru wale wawili.

Lakini akili yao kubwa ilikuwa kwingine. Kila mtu aliyekifikia kitu kile kwa mara ya kwanza alifanya jambo lilelile: alisimama, akakizunguka kidogo, akajaribu. Hakina upande wa mbele. Hakikuambii ukae vipi. Profesa mwenye mkoba alikaa ukingoni, miguu inaning'inia. Wasichana wa shule walijilaza vichwa chini miguu juu ya mteremko. Mzee alitandaza gazeti lake kwenye ile sehemu bapa akakaa kando ya gazeti. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika wa namna sahihi, hakuna aliyekuwa na haki ya kumtazama mwenzake kana kwamba anakosea. Hapo ndipo sisi tulipopata mwanya. Katika mji wenye adabu ya kila kitu, adabu ya namna ya kushika kikombe cha kahawa, paliwekwa kitu ambacho adabu yake haijaandikwa, na mgeni na mwenyeji wakaanza somo siku moja.

Kuna dada mmoja wa Mombasa, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, aliyekuwa akitandika vitanda kwenye hoteli. Tulimwita Mama, naye alituita wanawe hata wale wenye mvi. Zamu yake ilikwisha mchana na miguu ikawa inamuuma. Nilimpeleka pale siku moja ya Aprili.

"Shikamoo Mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Nikae wapi? Hichi kiti ama hodhi?"

"Kaa utakavyo."

"Nitakavyo mimi ni kulala."

"Lala basi."

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Karibu nasi alikuwa amelala mwanamke wa makamo mwenye suti ya ofisini, viatu amevivua, mdomo wazi kidogo. Mama alivua viatu vyake, akavipanga sawasawa, akajifunika kwa mtandio, akajinyoosha. Alilala usingizi wa kweli, wa kukoroma, katikati ya mji mkuu wa Kaisari, saa nane mchana. Hakuna aliyekuja kumwamsha. Mimi nilikaa ukingoni nikimlinda kwa mazoea, na ilinichukua muda kutambua kwamba hapakuwa na wa kumlinda dhidi yake. Alipoamka nilimwambia vitu vile vinaitwa Enzi, kwa jina la ukoo la Daniela Enzi, mmoja wa viongozi wa eneo lile aliyesimamia kazi hiyo. Alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo akinipigia simu alisema tu, "Tukutane pale kwa enzi yangu."

Nasisitiza habari ya huyo Daniela Enzi kwa sababu wasanifu wanapotajwa, mwenye kuwaruhusu husahaulika. Kubuni kitu cha mchezo ni kazi. Kukubali kisimame katikati ya majumba mawili ya fahari, kikaliwe usiku na mchana na mtu yeyote bila senti moja, kikachafuliwa, kikapakwa upya, hiyo ni kazi nyingine, na ina ugumu wake kwenye vikao. Jina lilianza kama utani wa kazini, likashika. Nadhani ni heshima inayofaa.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha ninapolikumbuka. Laurids Ortner, yule mmoja wa ndugu waliojenga majumba yale mazito, ujanani alikuwa bingwa wa michezo ya namna hiyohiyo. Mwaka 1967 yeye na wenzake Günter Zamp Kelp na Klaus Pinter waliunda kikundi cha Haus-Rucker-Co hapohapo Vienna, wakawa wanatengeneza mapovu makubwa ya plastiki yaliyojazwa upepo. Mwaka 1972, kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, walitokeza dirishani mwa jumba la makumbusho tufe kubwa linaloonyesha ndani, lenye minazi ya bandia na machela ya kulalia, likining'inia juu ya barabara. Yaani mtu huyo aliwahi kuwapa watu pa kujilaza hewani. Miaka 30 baadaye amejenga ua wa mawe usio na pa kujilaza, na wanakuja wawili wa kizazi kinachofuata kuurudisha mchezo ule ndani ya ua wake mwenyewe, na kwa povu vilevile, ila hili ni gumu. Sisemi Ortner alikosea. Majumba yale yanahitaji uzito wake. Nasema ua ulikuwa unangoja nusu yake ya pili.

Masomo nayo yalinipa kisingizio cha kwenda pale kila mara. Chuo Kikuu cha Vienna kina idara ya taaluma za Afrika, na humo hufundishwa Kiswahili. Wanafunzi wake walitafuta watu wa kuzungumza nao, nami nikawa mmoja wa hao watu. Mikahawa ilikuwa ghali kwao na kwangu, tukahamia uani. Tulivuta Enzi mbili zikakabiliana, kumi na zaidi tukaenea. Ndipo nilipoelewa maana ya zile kingo nene: anayetaka kusema anakaa chini ndani, anayesikiliza anakaa juu ukingoni, na anayepita anaweza kutia tako akasikiliza kidogo bila kualikwa. Baraza za Mji Mkongwe zinafanya kazi hiyohiyo. Jiwe la baraza limejengwa ukutani mwa nyumba ya mtu, lakini nani anauliza ruhusa ya kulikalia? Unatoa salamu, unakaa, ukitaka unanyamaza. Wanafunzi wangu walijifunza salamu kwa namna hiyo, kwa kumsalimu kila aliyejiunga. Alikuwapo bwana mmoja mzee, Mviena wa damu, mwenye mbwa mfupi wa miguu mifupi, aliyekuja kila wiki akakaa ukingoni kwetu, akajibu "Nzuri" kwa kila swali, hata alipoulizwa jina lake.

Mwaka 2003 kikaja kitu kingine karibu na ua, na siwezi kusimulia kimoja bila kingine. Mchongaji wa kike, Ulrike Truger, alichonga jiwe la kumkumbuka Marcus Omofuma: granaiti nyeusi, kama mita tatu kwenda juu, umbo la mwili uliobanwa. Mwezi wa Oktoba alilisimamisha mbele ya jumba la opera bila kibali. Mwezi uliofuata likahamishwa, likawekwa mwanzoni mwa Mariahilfer Straße, pembeni kabisa mwa MuseumsQuartier. Hapo lipo mpaka leo, na mahali penyewe sasa panaitwa Uwanja wa Haki za Binadamu. Kwa hiyo mtu aliyetoka madukani akija uani alipita kwanza kwenye jiwe lile. Rafiki yangu Mnigeria, aliyekuwa akisoma kemia, alikuwa na desturi ya kuligusa kwa kiganja akipita, kisha anaingia chini ya tao, anatafuta Enzi iliyo tupu, anajitupa juu yake na mkoba wake na kila kitu. Sikumuuliza. Nilijua, na yeye alijua kuwa najua. Yule kijana aliyekufa akiwa amefungwa kitini, na sisi tuliokaa tupendavyo hatua chache kutoka jina lake.

Sidhani Popelka na Poduschka walikuwa na sisi akilini walipokata kipande chao cha kwanza. Sijawahi kuzungumza nao. Walikuwa wakifikiri, naamini, juu ya jinsi kipande cha umbo moja kinavyoweza kupangwa kwa namna nyingi, leo kitanda, kesho ukuta, keshokutwa kibanda cha baridi. Lakini kitu kisichomchagulia mtu namna ya kukaa hakimchagui pia mkaaji. Nimeona viti vingi vya umma katika miji mingi tangu wakati ule, na vingi siku hizi vimewekewa vyuma vya katikati ili asilale mtu, au vimeinamishwa ili usikae zaidi ya dakika kumi. Aliyevibuni naye ni msanifu, amesoma, anajua anachofanya. Kwa sababu hiyo nawaheshimu wale wawili kuliko ninavyowaheshimu wajenzi wa minara.

Rangi sasa. Kila mwaka vilipakwa upya kwa rangi moja mpya, na baadaye umma ukawa unapigishwa kura kuchagua. Nakumbuka mwaka wa waridi iliyokolea, ambao ua mzima uliwaka ukiuona toka kwenye tao, na Mama akasema ameletewa arusi. Nakumbuka kijani kibichi, nakumbuka zambarau. Watu walipanga kumbukumbu zao kwa rangi: "Nilimjua mke wangu mwaka wa waridi." Wenye kupaka walifanya kazi majira yanapogeuka, na koti la mwaka uliopita lilionekana pale palipochubuka, waridi chini ya kijani, samawati chini ya waridi.

Jaribio kubwa lilikuja mwezi Juni 2009. Kwa miaka ile ua ulikuwa umekuwa sebule ya vijana wa Vienna. Jioni za joto hukuona sakafu. Watu walikuja na mkate wao, chupa zao, magitaa yao, wakakaa mpaka usiku. Mikahawa iliyozunguka ua ililipa kodi, na hawa hawakununua kitu. Basi walinzi wakaanza kupita wakiwaambia watu kwamba ni marufuku kunywa pombe waliyokuja nayo wenyewe. Anayetaka kunywa, akae mezani alipe.

Mimi situmii pombe. Chupa yangu ilikuwa ya chai ya tangawizi, na hakuna mlinzi aliyenigusa. Lakini nilijua mara moja kwamba shauri halikuwa la bia. Kama wa kwanza kuondoka ni mwenye bia ya dukani, wa pili ni mwenye mkate, na wa tatu ni Mama aliyevua viatu. Ua ungerudi kuwa wa kuvuka.

Vijana waliandikiana kwenye Facebook, wakafungua kundi la kudai uhuru wa ua, na katika siku chache wakajiunga maelfu. Kisha wakaja wenyewe. Nilikuwepo jioni ile. Haikuwa ghasia, hapakurushwa jiwe wala hapakuvunjwa kioo. Walifanya tu kile walichokuwa wakifanya siku zote, ila wakiwa wengi mno: walikaa. Waliojaza Enzi walijaza, waliokosa walikaa sakafuni kuzizunguka, kila mmoja na chupa yake, wengine za maji kwa makusudi. Nilimwona yule bwana mzee wa mbwa mfupi, ameshika kopo la bia ambalo kwa namna alivyolishika nilijua si mazoea yake. Alinisalimu kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Uongozi wa eneo ulirudi nyuma, marufuku ikalegezwa, na watu wakaendelea kuja na vyao.

Tangu hapo nimewasikia wataalamu wakijadili nafasi za umma kana kwamba ni suala la mita za mraba. Ua ule ulikuwa na mita zilezile mwaka 2001 na mwaka 2009. Mwaka 2001 mngepiga marufuku chochote na asingejitokeza mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mahali pake pale. Miaka ile ya kujilaza ndiyo iliyowafanya watu waone kuwa wameporwa kitu chao.

Povu lilikuwa na udhaifu wake. Lilimeguka, likanyonya maji penye nyufa, na kulipaka kila mwaka ni gharama. Baadaye PPAG walitoa kizazi kipya cha plastiki ngumu yenye uwazi ndani, ambayo rangi yake imo katika plastiki yenyewe badala ya kupakwa juu. Nimekikalia nilipopita Vienna kwa kazi. Kinadumu zaidi, nakiri, na umbo lake bado linakuacha uamue. Uvuguvugu ule wa Machi sikuupata.

Niliondoka mji ule mwaka 2011. Mama alistaafu akarudi kwao Mombasa. Rafiki yangu wa kemia alibaki, ana watoto wanaozungumza Kijerumani cha Vienna kwa lafudhi inayomchekesha hata yeye. Ilipokuwa ikifika kura ya rangi alikuwa akinitumia picha za chaguo, nami nampigia tubishane. Mwaka mmoja nilimsihi asichague kijani, maana kijani kilikwishakuwapo, tuwape watoto rangi yao. Akasema amekwisha kupiga kura, kachagua kijani, na bintiye naye, na mkewe naye, na kwamba bendera ya Nigeria haina habari na maoni ya Mtanga.